Maswali Yenu: Wadhamini Watatu, Kolamu Tatu?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kazi inayofanyika kabla ya amri ya kwanza ya CREATE TABLE (inayotengeneza jedwali): kuchora mchoro wa ER, yaani mchoro wa entiti na mahusiano yake. Kwa wasomaji wapya, entiti ni kitu ambacho shughuli yenu inakiwekea kumbukumbu, kama mwanachama, mkopo au chumba. Sifa ni kile kinachoandikwa juu yake: jina, tarehe, kiasi. Uhusiano ni kitenzi kinachoziunganisha entiti: anakopa, anadhamini, anapanga. Ufunguo msingi hutambulisha rekodi moja ndani ya jedwali, na ufunguo wa kigeni ni kolamu inayobeba ufunguo msingi wa jedwali jingine.

Swali: *Nasaidia kikundi chetu cha kuweka na kukopa kuhama kutoka Excel. Kila mkopo lazima uwe na wadhamini watatu, nao wawe wanachama. Nimetengeneza jedwali la mkopo lenye kolamu mdhamini1, mdhamini2 na mdhamini3. Rafiki yangu anayesomea kompyuta anasema nimekosea, ila hakunieleza kosa liko wapi. Kwani tatu si tatu siku zote?* — Msomaji, Morogoro

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi, na kosa litajitokeza siku katibu atakapouliza jambo dogo tu: mwanachama namba 17 amedhamini mikopo mingapi ambayo haijaisha? Kwa kolamu zako utamtafuta mara tatu, kwa sababu anaweza kuwa ameandikwa popote kati ya hizo tatu. Mkutano mkuu ukiamua kwamba mikopo mikubwa iwe na wadhamini watano, utaongeza kolamu mbili na kupitia upya kila ripoti uliyokwisha kuandika. Tena hakuna kinachomzuia karani kumwandika mtu yule yule kwenye mdhamini1 na mdhamini3.

Kabla ya kuchora chochote, andika sentensi. Kila mstari wa mchoro husomwa mara mbili, mara moja kutoka kila upande, na kila sentensi itaje kiwango cha chini na cha juu. Kwenu zitakuwa hivi: *mkopo mmoja hudhaminiwa na wanachama wasiopungua watatu*; *mwanachama mmoja anaweza kudhamini mikopo mingi, au asidhamini hata mmoja*. Pande zote mbili zina "wengi". Uhusiano wa wengi kwa wengi hauingii kwenye jedwali lolote kati ya hayo mawili. Unahitaji la tatu.

Jedwali hilo la tatu Kiswahili kimeshalipa jina: udhamini. Uhusiano ukiwa na nomino yake, na nomino hiyo ikawa na sifa zake, jua kwamba unastahili jedwali lake. Kiasi ambacho huyu mdhamini amekubali kubeba, na tarehe aliyotia saini, si sifa za mkopo wala si sifa za mwanachama. Ni sifa za udhamini.

Angalia pia kwamba kati ya mwanachama na mkopo kuna mistari miwili: anakopa, na anadhamini. Usiite funguo zote mbili mwanachama_id. Zipe majina ya nafasi, mkopaji_id na mdhamini_id, vinginevyo baada ya miezi sita hata wewe hutajua ipi ni ipi.

Vikundi vingi vina sharti kwamba mtu asijidhamini mwenyewe. Sharti la CHECK, yaani kanuni ambayo hifadhidata huikagua kabla ya kukubali rekodi, huona rekodi moja tu ya jedwali moja, na mkopaji ameandikwa kwenye jedwali la mkopo. Njia ni kumleta mkopaji ndani ya udhamini kwa ufunguo wa kigeni wa kolamu mbili, ili asiweze kutofautiana na yule wa kwenye mkopo:

```
CREATE TABLE mkopo (
  mkopo_id    INTEGER PRIMARY KEY,
  mkopaji_id  INTEGER NOT NULL,
  kiasi       NUMERIC(14,2) NOT NULL,
  hali        VARCHAR(20) NOT NULL,
  UNIQUE (mkopo_id, mkopaji_id),
  FOREIGN KEY (mkopaji_id)
    REFERENCES mwanachama (mwanachama_id)
);

CREATE TABLE udhamini (
  mkopo_id    INTEGER NOT NULL,
  mkopaji_id  INTEGER NOT NULL,
  mdhamini_id INTEGER NOT NULL,
  tarehe      DATE NOT NULL,
  kiasi       NUMERIC(14,2) NOT NULL,
  PRIMARY KEY (mkopo_id, mdhamini_id),
  FOREIGN KEY (mkopo_id, mkopaji_id)
    REFERENCES mkopo (mkopo_id, mkopaji_id),
  FOREIGN KEY (mdhamini_id)
    REFERENCES mwanachama (mwanachama_id),
  CHECK (mdhamini_id <> mkopaji_id)
);
```

Ufunguo msingi wa kolamu mbili ndio unaomzuia mtu kuandikwa mara mbili kwenye mkopo mmoja. Ukitumia programu ya hifadhidata ya MySQL, hakikisha ni toleo la 8.0.16 au la baadaye. Matoleo ya kabla yake husoma CHECK na kuipuuza bila kukwambia neno.

Kiwango cha chini cha wadhamini watatu hakuna ufunguo wa kigeni utakaokilinda, kwa sababu rekodi ya mkopo lazima iwepo kabla ya udhamini wa kwanza kuandikwa. Kwa dakika kadhaa mkopo utakuwa na wadhamini sifuri, na ni halali. Ndiyo maana tumeweka kolamu ya hali: mkopo unaingia kama "ombi", na programu inaubadilisha kuwa "umeidhinishwa" ndani ya muamala (kundi la amri zinazofaulu zote au kushindwa zote) ule ule unaohesabu wadhamini na kukuta wametimia.

Swali: *Chuoni tunachora maumbo ya Chen. Nilipokwenda mafunzo kazini nikakuta wanachora visanduku vyenye vijimistari mwishoni kama vidole. Kipi ndicho sahihi?* — Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Vyote viwili, kila kimoja mahali pake. E. F. Codd wa IBM alieleza hifadhidata ya majedwali mwaka 1970; Peter Chen alichapisha mchoro wake mwaka 1976. Kwake entiti ni mstatili, uhusiano ni umbo la uru kama kwenye karata, na sifa ni duaradufu. Mstatili wenye mistari miwili ni entiti tegemezi, isiyojitambulisha bila mwenzake: "awamu ya 3" ya marejesho haina maana mpaka useme ni ya mkopo upi, kwa hiyo ufunguo wake ni mkopo_id pamoja na namba ya awamu. Michoro ya Chen inafaa kufikiria na kujadiliana ubaoni. Ikifika entiti 15, zenye sifa 8 kila moja, karatasi inajaa duaradufu 120 na hakuna anayeweza kuisoma.

Vidole ulivyoviona ni alama ya mguu wa kunguru, na makazini ndiyo inayotumika zaidi. Kuna vitu vitatu tu vya kukariri: kiduara ni sifuri, kijimstari kinachokatiza ni moja, mguu ni wengi. Alama iliyogusana na kisanduku ni kiwango cha juu, iliyo nyuma yake kidogo ni kiwango cha chini. Wengi huzisoma kinyume: alama zilizo kando ya kisanduku cha mkopo zinaeleza *mikopo mingapi* kwa mwanachama mmoja, hazielezi wanachama wangapi kwa mkopo mmoja.

Swali: *Mikopo yetu nimeitenganisha vizuri: mkopo, udhamini, rejesho. Lakini ripoti inaonyesha mkopo wa shilingi 500,000 umesharejeshwa 600,000, ilhali kwenye daftari ni 200,000 tu. Nimeweka SUM(DISTINCT kiasi), ikaja 50,000. Nimekesha na jambo hili.* — Mhasibu wa kikundi, Mwanza

Jibu: Pole kwa kukesha. Majedwali yako hayana kosa. Amri ya SELECT ndiyo inayozidisha. Mkopo huo una wadhamini 3 na marejesho 4 ya 50,000. Ulipoyaunganisha majedwali yote matatu kwa JOIN, neno la SQL la kuoanisha rekodi za majedwali, kila rejesho lilikutanishwa na kila mdhamini, zikatoka rekodi 12. Jumla ya marejesho ikahesabiwa mara tatu: 200,000 mara 3. Nayo DISTINCT ikaona namba kumi na mbili zinazofanana ikabakiza moja. DISTINCT hapa ni hatari kuliko kosa lenyewe, maana siku marejesho yatakapotofautiana itatoa jumla inayokaribia ukweli, na hutashtuka.

Dawa ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye:

```
SELECT m.mkopo_id, m.kiasi, COALESCE(r.jumla, 0) AS amelipa
FROM mkopo m
LEFT JOIN (SELECT mkopo_id, SUM(kiasi) AS jumla
           FROM rejesho GROUP BY mkopo_id) r
  ON r.mkopo_id = m.mkopo_id;
```

Ukihitaji na idadi ya wadhamini, ihesabu kwenye mabano yake peke yake vivyo hivyo. Usiondoe LEFT, la sivyo mikopo ambayo haijalipwa hata shilingi itapotea kwenye ripoti, na hiyo ndiyo mikopo ambayo kamati inataka kuiona kuliko yote.

Mtego huu huonekana mapema kwenye mchoro: entiti moja katikati, miguu miwili ya kunguru ikielekea pande mbili tofauti. Kila unapoona umbo hilo, weka alama nyekundu. Ripoti yoyote itakayounganisha pande zote mbili kabla ya kujumlisha inaweza kujumlisha vibaya.

Swali: *Salaam wahariri. Natengeneza programu ya wenye nyumba za kupangisha. Chumba kimoja kina mpangaji mmoja, kwa hiyo nimeweka mpangaji_id ndani ya jedwali la chumba. Mpangaji wa kwanza alipohama nikabadilisha namba, na sasa malipo yake yote ya mwaka jana yanaonekana ni ya mpangaji mpya.* — Msomaji, Mombasa

Jibu: Waalaikumu salaam. Sentensi yako "chumba kimoja kina mpangaji mmoja" ni kweli leo asubuhi, na si kweli kwa mwaka mzima. Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mchoraji ajiulize kwenye kila mstari: *mmoja kwa wakati mmoja, au mmoja kwa muda wote?* Jibu likiwa la kwanza, na shughuli inahitaji kukumbuka ya jana, uhusiano huo kwa kweli ni wa wengi kwa wengi.

Kinachokosekana ni entiti ya upangaji, yaani mkataba: chumba_id, mpangaji_id, kuanzia, hadi, kodi iliyokubaliwa, na amana. Malipo yafungwe kwenye upangaji, yasifungwe kwenye chumba wala kwa mpangaji moja kwa moja. Hapo mtu akihama kisha akarudi chumba kile kile baada ya mwaka, hesabu za mara ya kwanza na za mara ya pili hazitachanganyika.

Kodi itaonekana mahali pawili, na si kurudia bure. Kodi iliyo kwenye chumba ni bei unayomtajia anayekuja kuulizia leo. Iliyo kwenye upangaji ni ile mliyokubaliana. Ukiibakiza ya chumba peke yake, siku ukiipandisha kutoka 8,000 hadi 9,500, wapangaji wote wa zamani wataonekana wana deni la 1,500 kwa kila mwezi waliokwisha kulipa. Ni kosa lile lile la duka linalosoma bei ya bidhaa kwenye jedwali la bidhaa wakati wa kuchapisha risiti ya mwezi uliopita.

Sasa zuia mikataba miwili isigongane kwenye chumba kimoja. Kwenye PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, washa kiendelezi cha btree_gist, kisha weka sharti hili kwenye jedwali la upangaji:

```
EXCLUDE USING gist (
  chumba_id WITH =,
  daterange(kuanzia, hadi) WITH &&
)
```

Kipindi cha daterange huhesabu siku ya kwanza na kuiacha ya mwisho, kwa hiyo anayetoka tarehe 1 na anayeingia tarehe 1 hawagongani. Kolamu ya hadi ikiwa NULL (yaani haina thamani), mkataba unahesabiwa kuwa hauna mwisho; ni sawa kabisa kwa mpangaji aliyepo. MySQL haina sharti kama hili. Huko anza muamala, funga rekodi ya chumba kwa SELECT ... FOR UPDATE, tafuta mkataba wowote ulioanza kabla ya huu mpya kuisha na unaoisha baada ya huu mpya kuanza (hadi ikiwa NULL, uhesabu haujaisha), na uingize mpya iwapo hukukuta kitu. Ukiruka hatua ya kufunga, makarani wawili wakibonyeza kwa sekunde moja wote watapita.

Swali: *Kila mtu ana simu. Kwa nini nisitumie namba ya simu kuwa ufunguo msingi wa mwanachama? Au namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa?* — Msomaji, Kahama

Jibu: Ufunguo msingi mzuri una tabia tatu: kila mmoja anao, hakuna wawili wanaofanana, na haubadiliki. Simu inashindwa zote tatu. Bibi anatumia simu ya mjukuu. Laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Na mtu akibadili mtandao utalazimika kubadili namba hiyo kwenye kila jedwali linalomtaja. Weka mwanachama_id inayozalishwa na hifadhidata yenyewe, na simu iwe sifa. Mwenye laini mbili au tatu, simu zake ziwe jedwali lake.

NIDA ni tulivu zaidi, lakini wanachama wengine hawajaipata, na ufunguo msingi haukubali pengo. Iweke kama kolamu yenye UNIQUE, sharti linalokataa thamani mbili zinazofanana. PostgreSQL na MySQL zitakubali NULL nyingi kwenye kolamu hiyo. SQL Server hukubali moja tu, mpaka utengeneze faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji) yenye kichujio kinachoziacha NULL. Na tafadhali usiiache hiyo UNIQUE kwa kudhani kwamba mwanachama_id inatosha. Namba ya kuzalishwa haimzuii mtu mmoja kuandikishwa mara mbili. Itampa namba mbili kwa furaha.

Aina ya data nayo ina mitego. Simu ihifadhiwe kama maandishi. Kama namba, sifuri ya mwanzo ya 0712 hupotea, na ukiandika kwa msimbo wa nchi, 255, unapata tarakimu 12 ilhali INTEGER, aina ya namba nzima, inaishia 2,147,483,647. NIDA ina tarakimu 20, hata BIGINT, aina kubwa zaidi ya namba nzima, haiitoshi. Kama data zako zinatoka Excel, kagua kabla ya kuziingiza: Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo NIDA iliyoandikwa kwenye seli isiyowekwa kuwa maandishi imeshageuzwa tarakimu zake 5 za mwisho kuwa sifuri. Huwezi kuzirudisha kwa fomula yoyote. Itabidi mrudi kwenye vitambulisho.

Swali: *Ratiba ya shule: nina mwalimu, somo na darasa. Nimeviunganisha viwili viwili, majedwali matatu ya kiungo. Mkuu wa taaluma anataka kujua nani anafundisha Hisabati Kidato cha Pili A, na mfumo unaleta walimu wawili.* — Mwalimu wa TEHAMA, Arusha

Jibu: Mfumo wako unajua mambo matatu: mwalimu fulani hufundisha Hisabati, mwalimu huyo huingia Kidato cha Pili A, na Kidato cha Pili A husoma Hisabati. Kutokana na hayo matatu haifuati kwamba yeye ndiye anayewafundisha Hisabati. Huenda anafundisha Hisabati Kidato cha Nne, na Pili A anaingia kwa ajili ya Fizikia. Sentensi ya kweli ina nomino tatu kwa pamoja: *mwalimu fulani anafundisha somo fulani darasa fulani*. Ukiikata vipande viwili viwili, habari inapotea, na hakuna JOIN itakayoirudisha.

Tengeneza jedwali moja la ufundishaji lenye mwalimu_id, somo_id, darasa_id na mwaka. Ufunguo wake ndipo penye kazi. Wengi huweka kolamu zote nne, na hapo walimu wawili wataingia tena kwa somo lile lile darasa lile lile. Kama kanuni ya shule ni mwalimu mmoja kwa kila somo la darasa kwa mwaka, ufunguo ni darasa_id, somo_id na mwaka. Mwalimu anabaki kuwa sifa tu. Kama walimu wawili hugawana somo, basi weka zote nne. Mchoro hauwezi kukujibia hili. Muulize mkuu wa taaluma, tena umuulize na mwalimu akihama katikati ya muhula inakuwaje.

Kati ya majedwali yako matatu ya kiungo, lile la masomo ambayo darasa linasoma linaweza kubaki, kwa sababu linasema jambo jingine: Pili A inapaswa kusoma Hisabati hata kabla mwalimu hajapatikana.

Swali: *Ninatengeneza programu ya simu yenye SQLite. Nimeandika FOREIGN KEY kila mahali kama mchoro unavyotaka, lakini bado naweza kuingiza rejesho la mkopo ambao haupo.* — Msomaji, Bukavu

Jibu: SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, kwa kawaida huja ikiwa imezima ulinzi wa funguo za kigeni. Tuma amri ya PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho; haihifadhiwi ndani ya faili, na ukiituma katikati ya muamala haifanyi kitu na haitoi kosa.

Wa MySQL nao wasijione wamesalimika. Majedwali ya aina ya MyISAM hayalindi funguo za kigeni hata kidogo, tumieni aina ya InnoDB. Na katika matoleo ya kabla ya 9.0, neno REFERENCES likiandikwa kando ya kolamu yenyewe linapuuzwa. Lazima FOREIGN KEY iandikwe kwenye mstari wake, kama tulivyofanya kwenye jibu la kwanza. PostgreSQL inalinda bila kuombwa, ila haitengenezi faharasa kwenye kolamu ya ufunguo wa kigeni, kwa hiyo iandike mwenyewe, la sivyo kufuta mkopo mmoja kutalazimu kupekua jedwali zima la marejesho.

Ukishawasha ulinzi, usikimbilie ON DELETE CASCADE ili makosa yaache kutokea. Kumfuta mwanachama kungefuta mikopo yake, na mikopo ingefuta marejesho, na fedha za kikundi zisingekuwa na maelezo. Mwanachama aliyejitoa apewe hali ya "amejitoa", abaki.

Mwisho, ulinzi ukiwashwa haukagui yaliyokwisha kuingia. Tuma PRAGMA foreign_key_check. Itakuorodheshea jedwali, namba ya rekodi na jedwali la mzazi aliyekosekana. Yapitie hayo marejesho yatima moja moja ukiwa na stakabadhi mkononi, kwa sababu kila moja ni fedha ambayo mtu aliilipa kweli.